Barua Mistari Mitatu, Kopi Saba

Kuacha kazi ni kosa? Niliuliza ile swali siku ya tatu ya juma, asubui, kwenye banc ya Mama Hadjara, hapa kwetu Bulengera, ndani ya Butembo. Papa Kitsa alipuliza kahawa yake, na ilikuwa imeisha kupoa zamani. Lukumani aliangalia magurudumu ya camion yake ngambo ya barabara kama vile moja ilimwita. Mama Hadjara mwenyewe, mwenye thermos na vikombe, mwenye hakosaka jibu hata siku moja, aliniongezea tangawizi. Ni banc ya mbao, mguu moja umewekewa jiwe chini, ili isicheze, na inaangaliana na mulango wa secrétariat public ya Papa Vagheni. Pale njo nilikuwa natumika kazi, miaka mitatu sasa. Mutu akitaka barua, faire-part, karatasi ya kualika batu kwa harusi, mémoire ya kumaliza masomo, anaingia pale, na ni miye namuandikia kwa ordinateur, kompyuta ya kazi. Barua za kuacha kazi za quartier nzima zilipita kwa vidole vyangu, na adabu yote, na salamu ya mwisho yenye inapanda kama ngazi. Lakini ile yangu miye ilinishinda.

Jina langu ni Rébecca. Pale kwenye banc bananiitaka Motion, ni kusema hoja, kwa sababu ya mashindano ya kubishana kule campus. Na shida yangu ilikuwa hii: bureau moja ya batetezi ba haki, kule Beni, commune ya Ruwenzori, ilikubali kunipatia kazi. Nianze siku ya kwanza ya juma yenye inakuja. Nilisoma droit, sheria, kwa ajili ya kazi ya namna ile, hapana kwa ajili ya photocopie. Lakini baliomba karatasi moja, attestation ya service, yenye inashuhudia kama nilitumika kazi muzuri, na sahihi ya patron wangu wa sasa. Bila ile karatasi banachukua mwingine mwenye anafuata kwenye liste. Basi kutoroka, sikuweza. Kumukasirisha Papa Vagheni, sikuweza. Na kumwambia, ulimi ulikuwa unakataa, miye mwenye nilikuwa nasimamaka mbele ya auditoire nzima na kubomoa hoja za banaume ba mwaka wa mwisho bila hata kushika karatasi.

Wa kwanza kunisaidia alikuwa Lukumani. Banamwita Déviation, njia ya kuzunguka, kwa sababu hata kwenye barabara yenye iko muzuri anatafuta ingine. Alisema nisiseme kitu. Nipande camion yake siku ya yenga, siku ya misa, nifike Beni, na kisha juma mbili nipige simu, niseme daraja imevunjika, siwezi kurudia. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka patron asahau. Na alikuwa na ushahidi: yeye mwenyewe aliacha kazi ya patron wake wa kwanza kwa njia ile. Shida ni kwamba yule patron alikuwa mutu muzuri. Aliposikia daraja imevunjika, alikusanya mafundi na mbao, akakuja kuitengeneza. Alikuta daraja iko nzima, na Lukumani amekaa juu yake anakula muhindi wa kuchoma.

— Na ulimwambia nini? nikauliza.

— Nilimwambia asante, mumetengeneza mbio.

Hapo njo nilikasirika. Niliwaambia kwamba mutu anaingia kazi na photo passeport mbili, barua ya curé, padri wake, na nguo ya kuazima kwa dada yake mukubwa, kisha anatoka na uongo. Anasema typhoïde. Anasema deuil, msiba nyumbani. Niko na mwenzangu moja wa campus mwenye aliua nyanya yake mara tatu, kwa mapatron batatu, na nyanya yuko Lubero, analima maharagi, hajui hata kama balimulilia. Niliuliza kama ile njo inaitwa heshima. Lukumani akasema nyanya alikufa mara tatu bila kuumwa hata siku moja, wengi bangependa kifo ya namna ile.

Mama Hadjara aliona sisi wote tumepotea. Kwake, jambo lilikuwa rahisi. Ni nani aliniingiza kazi kwa Papa Vagheni? Ni baba yangu. Alinifikisha pale mukono kwa mukono, akasema, nakuletea mutoto. Basi mwenye aliniingiza njo atanitoa. Baba akuje, na baba bakubwa mbili, na mutu mumoja mwenye anajua kusema, na mbuzi. Bakae, babakaribishe, kisha baombe mutoto wao. Lukumani alisahau daraja yake mara moja, akatoa camion kwa ajili ya safari. Baligawana kazi mbele yangu: nani atakaa mbele na chauffeur, nani atasema wa kwanza, mbuzi iwe ya rangi gani. Nilisema miye si bibi-arusi, na tena si mbuzi.

— Motion, hapana kukasirika, Mama Hadjara akasema. Ile mbuzi itakusemea muzuri kukupita.

Kisha zamu ikafika kwa Papa Kitsa. Yeye banamwita Ampliation, ni kusema kopi ya barua. Alitumika miaka makumi tatu kwenye bureau ya commune, na kazi yake ilikuwa kutuma kopi za barua kwa bakubwa. Mupaka leo, ukimuomba njia ya kwenda sokoni, anataka kujua nani mwingine amejulishwa. Aliweka kikombe chini, akaniomba nitoe papier ministre, karatasi kubwa ya mistari, na bic. Mutu amesoma, akasema, anaandika.

Na ninakubali, mwanzo ilienda muzuri. Mistari mitatu. Kwamba naacha kazi. Kwamba nitatumika mupaka siku ya posho, mwisho wa juma. Kwamba namshukuru kwa miaka yote mitatu. Nilikuwa tayari kuweka sahihi. Lakini Papa Kitsa akaweka kidole chini ya karatasi, upande wa kushoto, pale banaandikaka nani atapata kopi. Kopi moja kwa bourgmestre, mukubwa wa commune, ili Papa Vagheni asiseme hakupokea. Kopi moja kwa inspecteur wa kazi. Moja kwa chef wa quartier, asisikie habari barabarani. Moja kwa curé, juu Papa Vagheni anaimbaka kwenye chorale, na mutu wa chorale hawezi kukasirika mbele ya curé. Mama Hadjara aliuliza kama mosquée itabaki nyuma kwa sababu gani, tukaandika imamu. Lukumani akataka association ya bachauffeurs, juu ni bao batanibeba mupaka Beni. Ya saba ilikuwa ya archives, pale banawekaka karatasi za zamani. Nani anachunga zile archives, Papa Kitsa hakusema.

Balinambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Nilipofika katikati ya liste nilisikia sauti yangu inabadilika, juu barua za namna ile nazijua. Nimeandika za kutosha. Barua yenye kopi moja inaleta habari. Yenye kopi mbili inaonya. Barua ya kopi saba inapeleka mutu kwa juge, kwa hakimu. Mutu akiisoma ile karatasi, atafikiri Papa Vagheni alinipiga, ao alinifungia ndani ya dépôt, ghala ya karatasi.

Lukumani alitoa kofia.

— Lakini huyu muzee alikufanyia nini? akauliza, yeye mwenye aliongeza kopi ya sita.

Wakati tulikuwa tunaandika, mama mumoja alikuwa ameweka bassin yake ya samaki pembeni ya banc. Alitoka Kyavinyonge asubui ile, akaomba kahawa, na alikuwa anangojea motard, mutu wa pikipiki, amupeleke sokoni. Alisema jina lake ni Mama Kahongya. Alitusikiliza yote, na pale njo aliuliza.

— Na yeye mwenyewe alisema nini?

— Nani? Papa Kitsa akauliza.

— Huyu Papa Vagheni. Mulipomwambia, alijibu nini?

Papa Kitsa alirudilia kuangalia liste, kama vile jibu liko katikati ya curé na imamu. Lukumani alirudisha kofia kwenye kichwa. Kutoka kwenye banc mupaka kwenye ule mulango ni hatua makumi mbili, na tulikuwa tunamuona, na shati yake ya kijani, ameinama juu ya mashini ya photocopie. Mama Hadjara akataka kunimiminia ingine. Thermos ilitoa matone mawili, basi. Motard alifika, tukamusaidia Mama Kahongya kupandisha bassin, na akaenda.

Nilikunja karatasi, nikavuka barabara.

Papa Vagheni alikuwa anatoa karatasi yenye ilikwama ndani ya mashini. Nilisimama kwenye mulango. Hakuna hata salamu moja ya ngazi ilinifika kwenye kichwa.

— Papa, nimepata kazi Beni. Naanza siku ya kwanza. Nilitaka uisikie kwangu.

Alivuta karatasi polepole, akainyoosha na mukono. Aliuliza kazi gani, nikaeleza. Nikamwambia kwamba nitakuwa pale mupaka siku ya posho jioni, nitamaliza mémoire mbili zenye ziko kwenye ordinateur, na yeyote mwenye atamuweka pahali pangu, nitamuonyesha kazi. Akauliza juu ya nini nasimama pale kama mutu analeta habari ya kifo. Basi nilimwambia yote, daraja, mbuzi, bourgmestre. Alicheka mupaka akatafuta kiti.

Kisha kicheko kikaisha, akaniambia habari yenye sikuijua. Zamani alikuwa mwalimu, kule Lubero. Vacances, likizo ya masomo, zilifika, akaenda kutafuta maisha Butembo, na hakurudia, na hakuaga. Aliona haya. Directeur wa ile shule aliacha darasa ya Papa Vagheni wazi muhula nzima, bila kuweka mwalimu mwingine. Kila asubui alipita kuuliza batoto kama mwalimu amefika. Papa Vagheni alijua ile habari miaka mingi baadaye, kwa mutoto mumoja wa ile darasa, mwenye alikuwa amekuwa baba wa batoto. Directeur alikuwa ameisha kufa.

— Ulifanya muzuri kuniambia, akasema. Enda, mwanangu. Na roho nyeupe kabisa.

Juma nzima nilikuwa nabeba kitu kwenye mabega, na pale njo nilisikia kinashuka.

Akasimama, akanivutia kiti changu mbele ya ordinateur. Akaniambia niandike attestation yangu miye mwenyewe, juu maneno nayajua, yeye ataweka sahihi na cachet, muhuri wake. Na kweli nayajua, ni yale ya kila siku: Alitumika na bidii, aliridhisha wakubwa wake. Niliyaandikia batu wote wa quartier, na bale bavivu, sawasawa, bila kubadilisha hata koma. Sikukaa. Nilizungusha kiti kikamwangalia yeye.

— Papa, naomba hii uandike weye, na maneno yako.