Matawi Kwenye Barabara ya Shule

Siku ile walikuwepo mama wa mahindi ya kuchoma, vijana wa bodaboda wa stendi yetu, bawabu wa shule, mwenye gari jeusi kutoka Milimani aliyekuwa akimwahisha mwanawe shule nyingine, mdogo wangu aliyegongwa na gari hilo akalala kwenye lami, na mimi. Majina sitayataja humu kanisani. Wenyewe mnajijua.

Mnajua kwetu tumebaki yatima. Mama alipozikwa Asembo Bay, niliacha shule nikauza omena, dagaa wa ziwani, ili wadogo zangu wasome. Huyu wa mwisho nilimwahidi Mama kwamba atamaliza. Sasa mguu umevunjika, na mwenye gari ananishushia kioo, ananiuliza, "Kwani hamfundishi watoto kuvuka?"

Nilikwenda ofisi ya barabara kuomba matuta ya kupunguza mwendo mbele ya shule. Ofisa akaniambia:

"Mama, matuta yana mpango wake."

"Huo mpango unamngoja nani?"

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale mama yangu alipokufa."

Akarudi kwenye simu yake.

Ndugu zangu, nilipotoka hapo nilikuta msafara wa msiba ukitoka mochari, pikipiki zimefungwa matawi. Magari yote yalisimama, malori pia. Dereva mmoja akavua kofia. Kumbe mji huu unajua kusimama! Kwa maiti unasimama, mtoto mzima unampita.

Asubuhi iliyofuata nilikata matawi nikawapelekea vijana wa bodaboda wafunge kama wanaosindikiza jeneza.

"Sista, utatuletea nuksi," mmoja akacheka.

Mkubwa wao akasema, "Nuksi imeshakuja, inaendesha gari. Lete hayo majani."

Tukaingia barabara ya shule polepole. Magari yakasimama, watoto wakavuka. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani. "Poleni. Nani amekufa?"

Mama wa mahindi akamjibu, "Bado. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Wapo humu waliosema tunachezea msiba. Nawajibu leo: mlitaka tungoje msiba wenyewe?

Tulifanya hivyo kila asubuhi hadi wakubwa wakaona aibu. Matuta yakawekwa, kivuko kikapakwa rangi. Nawashukuru vijana wa bodaboda walioacha abiria wa asubuhi, na mama wa mahindi aliyeacha jiko lake. Ofisi siishukuru. Na ninyi wenye magari, nawaomba jambo moja: msingoje kuona jeneza ndipo mkanyage breki.

Mguu wa mdogo wangu umepona. Jana nilimpeleka hadi kivukoni, gari zikasimama vizuri kabisa. Akaitazama lami, akauachia mkono wangu.

"Vuka wewe, Dada. Mimi nakungoja hapa."

Nimevusha watoto wa watu wengi. Mtoto wa Mama bado yuko upande huu, na deni hilo ni langu. Kesho asubuhi tutakwenda tena kusimama pale.