Pazia Jeusi la Chumba Namba Nne

Mheshimiwa Gavana, Bwana Lassad, Mkurugenzi wa Taasisi yetu ya Ain Zarga, wazazi, wanafunzi, na ninyi wa nyuma mliokwisha kuzianza makrudh, keki zetu za tende: karibuni katika maabara mpya. Mimi ni Profesa Najiba, mwenye chumba namba nne. Niliombwa nitoe shukrani. Nitazitoa, ila mnivumilie kwanza, maana nina hasira na sitaificha.

Binti huyu aliyeketi mbele, Ibtihel, ametumia miaka mitatu kuunda molekuli moja. Ina vipande vinne vinavyomeza mwanga. Vitatu vya pembeni huupokea na, kabla hujapepesa jicho, huupitisha kwa kile cha katikati, nacho ndicho hung'aa rangi nyekundu. Jua likiipiga kutwa nzima, cha katikati hufa kwanza. Ndiyo maana tunafanya kazi gizani. Je, hilo ni gumu kulielewa?

Ijumaa jioni Mkurugenzi alipita kukagua usafi. Akasema, "Chumba gani hiki kama kaburi? Wageni watadhani tuna msiba. Toeni hayo mapazia." Yakatolewa. Chupa za Ibtihel zilikuwa mezani, na jua la Juni likazila Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu alipowasha taa ya kupimia, wekundu haukuwepo. Ilitoka buluu. Akaniambia taratibu, "Profesa, vile vitatu bado vinapokea. Havina pa kuupeleka." Nilipomfuata Bwana Lassad, alinijibu, "Si rangi tu hiyo? Achanganye nyingine." Miaka mitatu ya mtoto wa watu, Mheshimiwa, ni rangi tu.

Nakusifu, Bwana Mkurugenzi. Vioo vyako vimetakata hata inzi akitua anateleza. Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mgeni kaja, mwenyeji kaumia.

Ibtihel anatetea tasnifu yake Septemba. Amebakiwa na malighafi ya kujaribu mara moja tu, na hataigusa mpaka chumba kiwe na giza. Basi nimenunua sokoni Kairouan mita kumi na mbili za kitambaa cheusi, kipo hapa chini ya meza. Mheshimiwa Gavana, naomba huo utepe wa ufunguzi uuache ulivyo, na mkasi umpe Bwana Lassad. Ibtihel atashika upindo wa kitambaa, amwonyeshe pa kukata pazia.

Wageni wetu, kwa masikio mliyonipa nawashukuru sana. Bwana Lassad, njoo dirishani, tunakusubiri.