Mama Karibu na Daftari la Getini

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, familia imeniomba niwasomee historia ya maisha yake, nami nimekubali kwa sharti kwamba nisome yote, hata yale ambayo baadhi ya ndugu walitaka niyaruke.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa kuongea darasani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha uuguzi na ukunga. Januari 1974 aliajiriwa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2006, na nina hakika baadhi yenu mliokaa hapa mbele, pamoja na vyeo vyenu, kofi la kwanza maishani mlichapwa na yeye.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja ambaye ndiye kifungua mimba, na wa kike wawili, wakajenga nyumba ile mnayoifahamu, yenye mlango wa jikoni ambao ufunguo wake sijawahi kuuona. Jina la Mama Karibu alipewa na mtaa, kwa sababu aliitikia kabla mtu hajamaliza kupiga hodi, nasi ndugu zake tulimtania kwamba hata paka akipita atawekewa kiti.

Sasa nimefika panaponikera. Juni 2022 wezi waliruka ukuta mchana kweupe, wakabeba pampu ya maji na shuka mbili zilizokuwa kwenye kamba, dada akacheka, akasema shuka zenyewe zilikwisha chakaa, lakini watoto, ambao wote wanafanya kazi mbali, wakaamua mama awekewe mlinzi, na mimi, nisijitoe, niliunga mkono. Mlinzi wa kwanza alimaliza wiki tatu tu, maana kifungua mimba alipokuja bila taarifa alimkuta jikoni anamenya viazi na mama, geti liko wazi, akamrudisha kampuni siku hiyohiyo. Wa pili, mtu mzima, mpole, askari mstaafu, alipewa masharti matatu, kwamba yeye asikanyage ndani ya nyumba, kila mgeni aandikwe daftarini, na asipite mtu kabla kifungua mimba hajapigiwa simu akakubali.

Dada alinuna. Kila Jumapili alinilalamikia kwenye simu kwamba wageni wanahojiwa utadhani wameshtakiwa, kwamba mshonaji, jirani yake wa ukuta mmoja kwa miaka thelathini na moja, amechoka kujiandikisha kwa ajili ya kurudisha bakuli, nami nikamwambia azoee, ni kwa usalama wake, neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudisha kinywani. Basi akalipiza kwa ukorofi wake, kila akirudi kutoka kliniki anadai naye aandikwe, na daftari ninalo hapa, mara kumi na tisa, kwenye sababu ya kuja, kwa mwandiko wake: "Nakaa hapa."

Alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2014. Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, alianguka jikoni, mshonaji akasikia anaita, akakimbilia getini, mlinzi akapiga simu mara sita, kifungua mimba yuko kwenye kikao, simu imezimwa, na mlinzi, akikumbuka yaliyompata mwenzake, akasubiri dakika arobaini. Mwishowe alitupa daftari chini, wakaingia wote wawili, akambeba dada hadi kwenye gari la jirani, akaenda naye hospitali, na kwa kosa la kuacha lindo kampuni ikamfukuza kazi kesho yake.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba kiharusi hakisubiri. Ijumaa dada alipata fahamu kidogo, akamwambia mwanawe kwa ulimi mzito, "Usimgombeze mlinzi, masharti yalikuwa yetu," na Jumamosi tarehe 16 Machi, saa tisa alasiri, akafariki, katika hospitali ileile aliyoitumikia. Kifungua mimba mwenyewe ndiye aliyesema hili lisomwe, nami sitamwachia abebe peke yake, kwa sababu na mimi nilisema azoee.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na sisi ndugu zake wawili tuliobaki. Tunawashukuru madaktari, wauguzi ambao wengi alikuwa mwalimu wao, wakunga wastaafu wenzake, majirani wote, na mshonaji, aliyeshona nguo aliyovaa leo. Tunamshukuru mlinzi, ambaye tangu asubuhi amesimama kule mlangoni kwa mazoea. Mzee mwenzangu, leo huna lindo, tunakuomba uje ukae huku mbele, pamoja na familia.

Wote mliokuja mmeingia kwake bila kuandikwa, kama alivyotaka. Dada yangu, Mama Karibu, pumzika kwa amani.