Jani la Yuka Mlangoni Adelphi

Njooni karibu, wanangu. Gregori, zima hiyo televisheni. Ndeshi, kaa kando ya kaka yako, hakuumi. Pumzi yangu haitoshi kusema mara mbili.

Nyumba hii ya Adelphi ni yenu wote wawili, karatasi anazo mwanasheria, na hilo halinisumbui. Ninalowaachia kwa mdomo wangu ni ile yuka ya baba yenu hapo mlangoni.

Mnajua kwetu Rombo aliyemkosea mwenziwe humwomba msamaha kwa kumpelekea jani la sale, ule mmea wa mipakani, lililofungwa fundo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Baba yenu alipanda sale hapa, baridi ya kwanza ikaliua. Ndipo akaleta yuka, yenye majani makali kama mkonge, na wewe Gregori ukamcheka: "Mzee, hiyo ni ya jangwani, theluji itaimaliza." Akakujibu, "Haiogopi theluji, inaogopa kulowa miguu." Akachanganya mchanga na kokoto, akaipanda juani, na kila mwaka theluji ikiyeyuka inatoka kijani.

Tulipomzika baba yenu hapa Maryland badala ya kumrudisha Rombo, Gregori, Ndeshi alikuita mbele ya watu mtoto aliyemtupa baba yake ugenini. Baadaye akajuta, akakuletea jani la yuka lenye fundo. Ukasema, "Hilo si sale, ni ua la Wazungu," ukalitupa, ukachukua koleo ukaing'oa yuka yote. Mwaka uliofuata ikachipua palepale, maana mizizi yake ilikwenda chini kuliko koleo lako, na leo kuna machipukizi pembeni.

Sasa nasema mimi, niliyezaliwa kwenye masale: jani lile linatosha. Baba yenu aliipanda kwa kazi hiyo hiyo. Ndeshi, fungua droo. Nililiokota siku ile. Limekauka, lakini fundo halijafunguka. Mpe kaka yako. Gregori, pokea kwa mikono miwili.

Mimi nizikeni kando ya baba yenu, na kesi ya Rombo iishie hapo. Chimbeni chipukizi moja mlipande kaburini, nyote wawili, koleo moja. Msilimwagilie kwa huruma, litaoza. Theluji nzito ikikaribia yafungeni majani kwa kamba, mkumbuke kuyafungua.

Mungu awape... ngoja. Mungu awape watoto wanaopokea wanachopewa. Niinueni kidogo, niione yuka. Huyo anayelia ni nani? Gregori? Haya. Umeshalishika. Basi.