Vitenge Juu ya Theluji

Kaeni tu, wapendwa, msinisimamie. Mimi si bibi harusi. Wenyeji wetu wa Louisville, asanteni kwa ugali. Na nyinyi wa Columbus, mliochelewa kama kawaida yenu, karibuni, ndiyo kwanza naanza.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi hapa Marekani, Buffalo, West Side. Kazi yangu ni kuruka kwenye theluji. Unafunga mbao mbili ndefu miguuni, unateremka mlima kwa kasi, unafika kwenye tuta, unapaa, unapinduka hewani kichwa chini, kisha unamwomba Mungu utue kwa miguu. Nyinyi mnacheka. Mama yangu alilia.

Shuleni walitupeleka mlimani siku moja, mimi nikakataa kurudi kwenye basi. Nikajifunza, nikaingia timu, nikaanza kuitwa mashindanoni. Halafu nikatua vibaya, goti likachanika ndani. Ndugu zangu, nawaambia, goti lilipona upesi kuliko moyo. Daktari aliniruhusu kuruka, lakini nikifika juu miguu inagoma, nashuka na mbao begani huku watoto wadogo wananipita. Mwishowe kocha akaniambia kwa upole kwamba nisiporuka mashindano yanayofuata, nafasi yangu itakwenda kwa mwingine. Niliumia sana. Bila mbao zile nilijiona si kitu.

Mama akapeleka habari kanisani. Siku yenyewe wamama wakaja na basi la kanisa, vitenge juu ya makoti. Mnajua desturi yetu, mtoto akifaulu tunamtandikia vitenge apite. Shida ni kwamba kule wote tunafunika kichwa na uso, huwezi kumjua mtu. Nikiwa bado kileleni, nimeshafungua mbao moja ili nishuke kwa miguu, dada mmoja Mzungu akaruka, akatua vizuri. Nikasikia vigelegele. Wamama wakatandika vitenge kwenye theluji, wakamshika mkono, wakampitisha wakicheza. Naye akacheza, maskini.

Dada alipovua kofia, nywele za njano zikamwagika, na kelele zote zikakatika. Walinisimulia baadaye kwamba mama mmoja Mkongomani, mwenye duka pale Grant Street, ndiye aliyeokoa mambo: "Donc, huyu si wetu? Bon, tumeisha tandika. Tungoje wetu akuje."

Mimi kule juu nilikuwa nimekaa chini kwa kicheko. Nilipomaliza kucheka nikaitafuta hofu, sikuiona. Na vitenge vilikuwa bado vimetandikwa. Nikafunga mbao yangu, nikateremka, nikaruka. Nilipopinduka nikaona rangi zile chini yangu, nikatua, mkono ukigusa theluji kidogo.

Sikushinda siku ile. Medali mlizozishika leo zilikuja baadaye. Lakini nafasi yangu ilibaki, na vitenge, vimelowa na vimeshakanyagwa, nilipita juu yake.

"Pita, mwanangu," mama aliniambia. "Kwa yule tulikuwa tunajaribisha."

Namshukuru Mungu, na daktari, na kocha wangu mvumilivu, na wamama wale. Dada yule walimwachia kitenge kimoja. Anakifunga shingoni kila mashindano, na ananiuliza mama zetu wanakuja lini. Nami nililojifunza ni hili: watu wakikupigia vigelegele kabla hujafanya lolote, usiwasahihishe. Teremka uwakute.