Lugha Iliyobaki kwa Babu

Mbele ya stesheni ya Garut, mji wa Wasunda huko Indonesia, ng'ambo ya barabara kati ya kibanda cha kinyozi na duka la viatu, pana benchi la mianzi ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ceu Encum, mama muuza kahawa, huinjika birika lake hapo tangu alfajiri, na wanaoinywa ni walewale. Jumanne hiyo Mang Idik, kinyozi, hakumnyoa mtu. Alivaa batiki yake ya Ijumaa, akakaa ukingoni mwa benchi akiitazama saa ya stesheni. Garimoshi la saa saba lilikuwa linamleta Stamatia, mjane wa mwanawe Yayan, pamoja na mjukuu wake Myrsini, mwenye miaka sita. Yayan alikuwa baharia kwenye meli za Wagiriki, akaoa huko Pirea, na mwaka juzi akazikwa huko huko. Mjukuu huyo Mang Idik alimjua kwenye simu tu, na kwenye simu mtoto humkodolea macho, kimya.

— Wewe unajitesa bure kuwaza mtasemezanaje, Mang, alisema Engkos, fundi redio, ambaye watu humwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kigiriki na Kisunda ni mtu na binamu yake. Mimi nimesikiliza stesheni zao miaka. Wanaongea kama watu wa Cibatu wakigombea kuku.

— Unaelewa wanachosema?

— Kuelewa ni kitu kingine. Mimi nasikia.

Aliyeuliza ni Pak Sarnaja, mwalimu mstaafu, jina lake la benchini Kamusi. Alikoroga kahawa yake polepole, kama mtu anayesubiri darasa litulie.

— Hakuna ubinamu hapo, Engkos. Mgiriki ana herufi zake za kale, na mpaka leo anazitumia kuandika bei ya samaki. Sisi tuna zetu, tumezitundika kwenye vibao vya barabara. Nani hapa anazisoma?

Redio aliinua macho, akayashusha. Kibao kilikuwa juu ya vichwa vyao.

— Halafu Mgiriki, akaendelea Kamusi, akimwita Mungu na akimwita paka, "wewe" yake ni ileile. Sisi lazima kwanza tujue nani mkubwa.

— Ndiyo maana wao wana meli, alisema Redio. Hawapotezi muda. Lakini nakwambia walikuja hapa zamani kutafuta karafuu, wakaondoka na nusu ya maneno yetu. Hata wale wanafalsafa wao waliotembea peku, nani huko kwenye mawe angewafundisha kutembea peku? Walipita Garut.

— Walikunywa kahawa yangu wakaondoka bila kuaga, alisema Ceu Encum. Kama wewe.

Mang Idik alitabasamu kidogo, kisha macho yakarudi kwenye saa.

— Kisunda kimewazidi kwa jambo moja, alisema Kamusi. Mtu akianguka kifudifudi, tikusruk. Akianguka chali, tijengkang. Akiteleza, tisoledat. Mgiriki anaanguka tu, basi.

— Kwa hiyo tumewashinda kwa kuanguka, alisema Ceu Encum.

— Na vile vineno vya mbele, Ceu. Kabla hujakaa, gek. Kabla tonge halijaingia mdomoni, am. Macho yakitaka kufumba, reup. Mtu akitaka kuondoka, leos. Kitu chenyewe hakijatokea, neno limeshafika.

— Mama yangu alikuwa akiyasema yote, alisema Ceu Encum, na mkono wake ukasimama juu ya birika.

Hapo Mang Idik akatoa simu kutoka mfuko wa shati. Aliishika kama wembe, kwa vidole viwili.

— Stamatia aliniandikia jana. Simu ndiyo iliyomtafsiria. Kamusi, nisomee tena, sina miwani.

Miwani ilikuwa puani pake. Kamusi aliiona, lakini akaipokea simu.

— "Baba, Myrsini anaomba ukimpokea usiseme naye kwa simu ya kutafsiri. Anataka umsemeshe lugha ya baba yake. Yayan hakumfundisha. Alimwambia lugha hiyo ameiacha kwa babu."

Redio aliweka kikombe chake chini.

Kando yao alikuwa amesimama mama mmoja mwenye kapu la dodol, halua laini ya mchele na nazi, anayesubiri garimoshi hilohilo ili auzie abiria. Alikuwa akisikiliza bila kuficha, kama wanavyosikiliza watu wa safari.

— Samahani, Mang, alisema. Huyo Yayan alipokuwa mdogo, nyumbani mlimsemesha lugha gani?

Swali lilikuwa dogo. Mang Idik alitazama viatu vyake. Walimsemesha Kiindonesia. Kuanzia siku Yayan alipotamka neno la kwanza, kilikuwa Kiindonesia, ili shuleni asibaki nyuma, ili mjini asichekwe. Kisunda Mang Idik alikibakiza kwa mkewe, kwa wateja na kwa kuku. Watoto wa Redio walilelewa hivyohivyo, na wa Ceu Encum pia. Na aliyesimama mbele ya kikao cha wazazi, miaka thelathini na mitano nyuma, akawaeleza kwa upole kwa nini ni vizuri kufanya hivyo, alikuwa Pak Sarnaja.

Yeye ndiye aliyekuwa ameishika simu. Mama wa dodol aliona nyuso zao, akahamisha kapu lake kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

— Mang, alisema Kamusi mwishowe, akimnyooshea simu.

— Ulitutakia mema, alisema Mang Idik. Na mimi nilimtakia mema.

Ceu Encum aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mang Idik. Yalitoka matone mawili, yakakoma. Upande wa Cibatu honi ya garimoshi ikalia.

Mang Idik alisimama, akanyoosha batiki, akapokea simu yake, akaizima kabisa. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza: gek, am, reup. Miaka mingapi hajamwambia mtoto maneno hayo? Hata mtoto mmoja hajawahi kumwambia. Alishuka barabarani, akasita.

— Leos, alisema Ceu Encum nyuma yake, taratibu, kama alivyokuwa akisema mama yake.

Ndipo akavuka.