Tarumbeta na Mahakama ya Mashuka

Alipoanza, hakuwa na cheti. Hakuwa na kipaza sauti. Hakuwa na koti la mvua, na meno ya mbele yalimbakia mawili tu. Zaidi ya yote, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na kibali cha kuwatembeza wageni mjini kwa boti. Alichokuwa nacho ni sauti. Ndiyo maana tulimwita Tarumbeta.

Tarumbeta ametutoka wiki hii, akiwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka thelathini alisimama kwenye boti ya mtoni akiusimulia mji wetu. Miaka thelathini! Na yote iliamuliwa na siku moja.

Siku hiyo afisa wa baraza la mji alipanda boti, daftari kwapani. Akiridhika, Tarumbeta apate kibali. Asiporidhika, arudi gatini kubeba magunia.

Hali ya hewa ilikuwa kigeugeu. Jua, manyunyu, jua tena. Miamvuli haikujua ifunguke au ifungwe. Mara mvua ya kweli ikashuka, wote wakakimbilia chumba cha chini. Sasa, viti vya juu vilitazama mbele ya boti, vya chini vilitazama nyuma. Tarumbeta hilo lilimpita. Mji mzima alikuwa ameukariri kwa mikono: wa kulia mahakama, wa kushoto soko. Akawakabili abiria kama kawaida, kumbe sasa kulia kwake ni ukingo mwingine wa mto, akanyoosha wa kulia, akatangaza Mahakama Kuu, mahali ambapo uchafu haufichiki.

Dirishani kulikuwa na uwanja wa madobi, wanahangaika kuanua mashuka.

Mama mmoja mshonaji akauliza taratibu, "Baba, mahakama hii inahukumu mashuka?"

Boti ikaangua kicheko. Afisa akaandika kitu. Mkewe Tarumbeta, aliyekuwa akikata tiketi, aliniambia: "Niliiona ile kalamu ikiandika. Nikajua leo tumekwisha."

Tarumbeta akageuka, akachungulia nje, akakiri kosa lake. Kisha akasema, "Mahakama iko ng'ambo ya pili, haina miguu. Hayo ni mashuka ya hospitali ya uzazi. Nusu ya watu wa mji huu walipokelewa na mashuka hayo. Wanaoyafua ndio hao."

Kicheko kikakatika. Yule mshonaji akainuka, akawapungia madobi mkono. Nao, mashuka vichwani, wakampungia.

Kwa mjane, watoto na wajukuu: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nasi wengine tujiulize, ni jasho la nani tunalipita kila siku, macho yetu yakiwa kwenye nguzo za marumaru?

Na afisa? Boti ilipofungwa gatini, aliazima meza ya tiketi. Akaandika, mke wa Tarumbeta akisoma begani kwake bila haya: "Apewe kibali. Mkono anakosea, mji anaujua. Madobi waongezwe kwenye safari." Akakunja karatasi, akaitia katika bahasha yenye anwani ya baraza, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja. Mvua ilikuwa imeanza tena. Akaificha bahasha ndani ya koti, akavuka barabara mbio, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.